Jua Kali na Dawa Iliyomo Ndani ya Jani

Bwana mkulima, nawe mama mwenye shamba, tuseme umechukua miche 200 ya kahawa kutoka kitaluni. Miche ni mizuri, majani yake mapana na laini, ya kijani cha kupendeza, na kila aliyeiona njiani amekusifu. Mashimo uliyachimba mapema, samadi umetia, na mvua ya kwanza imenyesha siku tatu. Umepanda Jumatatu. Jumanne mawingu yakatoweka, na jua likawaka tangu asubuhi mpaka jioni, siku tatu mfululizo. Ijumaa unakwenda shambani, nawe unakuta majani ya juu yamepauka, mengine yana mabaka ya kahawia kama karatasi iliyokaribia moto. Ukishika udongo bado una unyevu. Mdudu hakuna. Ukigeuza jani huoni ule unga wa rangi ya chungwa ambao ni alama ya ugonjwa wa kutu. Jirani mmoja anasema huo ni ugonjwa mpya, wa pili anasema mbegu ilikuwa mbaya, na wa tatu anakuhimiza ununue dawa ya kunyunyiza.

Wote watatu wamekosea. Miche yako imechomwa na mwanga.

Neno hili huwashangaza watu. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa ya kwamba mmea hupika chakula chake kwa nguvu za jua, nasi tukatoka na fikira kwamba jua likizidi na chakula huzidi. Sivyo. Jani ni kama jiko. Mwanga ndio kuni, na ule ukijani wa jani ndio mkono unaozipokea kuni na kuzitia motoni. Chunguni mna maji yaliyopanda kutoka mizizini na hewa iliyoingia kwa vitundu vidogo vya jani, na kinachopikwa ni sukari. Mpishi akiletewa kuni za kutosha, chakula huiva. Lakini akiletewa mzigo juu ya mzigo, na mkono wake haujui kukataa, hutia zote motoni. Chungu hakiwezi kupika upesi kupita kiasi chake. Moto hutoka nje ya mafiga, na cheche huruka mpaka darini.

Jani la kahawa lililozoea jua huweza kutumia karibu theluthi moja tu ya mwanga wa adhuhuri. Jani lililokulia kivulini hutumia chini ya hapo. Mwanga uliobaki nao huingia vilevile, wala hauna kazi. Tusiilaumu kahawa kwa jambo hili. Asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia, ambako iliota chini ya miti mikubwa, ikaliona jua kwa vipande vipande. Ni sisi tulioitoa msituni. Mahindi na mtama ni namna nyingine. Majani yao yameumbwa kwa nchi ya wazi, nayo hupokea mwanga mwingi zaidi kabla ya kushiba. Ndiyo sababu waweza kuona mahindi yamesimama sawasawa, na kando yake miche ya kahawa ya juzi imeungua.

Nanyi wa Meru na Embu mnalima mahali ambapo jua halina mchezo. Mstari wa ikweta hupita karibu na mji wa Meru. Mwezi wa Machi, na tena mwezi wa Septemba, jua la saa sita husimama utosini, hata kivuli cha mtu hujificha chini ya miguu yake. Tena mashamba mengi yako juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na ya Nyambene, ambako hewa ni nyepesi na haiuzuii mwanga kama hewa nzito ya pwani. Basi angalieni: Machi ndio mwezi wa kungojea mvua na kutoa miche kitaluni, na ndio mwezi ambao jua liko juu kabisa.

CHECHE NDANI YA JANI

Cheche za jiko hili hudakwa na oksijeni. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa tunayoihitaji katika kuvuta pumzi, na jani linayo tele, kwa kuwa lenyewe huitoa mchana kutwa linapopika. Kwa kawaida oksijeni ni pole. Ikipata nguvu za mwanga uliozidi hugeuka kuwa oksijeni kali, nayo hushambulia chochote kilicho karibu: ngozi nyembamba zenye mafuta zilizo ndani ya jani, ule ukijani wenyewe, hata vyombo vya kupikia. Kazi yake yafanana na ya kutu inavyokula jembe lililosahauliwa nje, ila kutu huchukua miezi, na oksijeni kali yaweza kumaliza kazi yake alasiri moja. Ukijani ukiharibika, jani hupauka. Sehemu iliyopauka ikifa, hugeuka kahawia. Hayo ndiyo mabaka uliyoyakuta Ijumaa.

Ukitaka kuona nguvu ya jambo hili, fikiri juu ya dawa ya magugu iitwayo paraquat, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962. Dawa hii hunyang'anya nguvu za mwanga ndani ya jani na kuzikabidhi kwa oksijeni, tena na tena bila kuchoka, mpaka kinga yote ya jani ishindwe. Ikinyunyizwa mchana wa jua, gugu hunyauka upesi. Ikinyunyizwa jioni, gugu hukaa giza zima kama halikuguswa, kisha huanza kufa jua linapochomoza. (Siitaji ili kuisifu. Kiasi kidogo tu kikinywewa chaweza kumwua mtu, wala hospitali haina dawa ya kuipinga. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza tangu mwaka 2007.) Gugu lililopigwa na paraquat na mche wako wa kahawa uliopauka vimekufa kifo cha namna moja.

DAWA YA JANI

Kama mambo ni hayo, mbona miti yote ya dunia haikuungua zamani? Kwa sababu jani halikuachwa bila kinga.

Tazama maharagwe saa sita ya siku ya jua. Majani yake huinuka na kulielekea jua kwa ukingo, kama mtu anayepita kwa ubavu katika mlango mwembamba, na jua likipungua hulala wazi tena. Hiyo ni kinga ya kwanza, nayo waweza kuiona kwa macho. Ya pili imefichika. Ndani ya kila jani la kijani mna rangi ya manjano iliyofunikwa na ukijani. Ni jamaa moja na rangi ya karoti, na ya yale mahindi ya manjano yaliyoletwa nchini wakati wa njaa ya 1965 na ya 1984, ambayo watu wengi waliyala huku wakinung'unika. Jua likizidi, jani huigeuza sehemu ya rangi hii, kwa muda wa dakika chache tu, ikawa aina ile ile iliyomo katika mahindi hayo. Wataalamu huiita zeaksanthini. Kazi yake ni kuusaidia mwanga usio na kazi utoke kama joto tu, bila cheche. Jua likipungua, rangi hurudi polepole ilivyokuwa.

Hata hivyo ziko cheche zinazopenya. Hizo hukutana na dawa zenyewe, ambazo wataalamu huziita antioksidanti, yaani vitu vya kuituliza oksijeni kali kabla haijaleta hasara. Iliyo nyingi ni vitamini C, ile ile ya machungwa na ya sukuma wiki. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria aliitenga mara ya kwanza mwaka 1928, na mwaka 1937 akapewa tuzo ya Nobel. Watu waliitafuta kwa sababu ya kiseyeye cha mabaharia, lakini mmea ulikuwa ukijitengenezea tangu zamani kwa haja yake wenyewe. (Akina mama wajue hapa kwamba mboga iliyokulia juani kwa kawaida ina vitamini C nyingi kuliko iliyokulia kivulini, na kwamba kuichemsha muda mrefu huiharibu.) Pamoja na hiyo iko vitamini E, inayokaa katika zile ngozi zenye mafuta. Viko pia vimeng'enya, yaani watendaji wadogo wa ndani ya jani, ambao hufanya kazi ile ile kwa haraka ya ajabu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich, walieleza kazi ya kimeng'enya kinachoidaka oksijeni kali mwanzo kabisa, nacho hakiwezi kufanya kazi pasipo madini: shaba na zinki, au chuma, au manganizi kwa kadiri ya aina yake. Shika neno hilo la madini, tutalirudia.

Waweza kufanya jaribio dogo jikoni. Kata kiazi au ndizi mbichi vipande viwili. Kimoja kipake maji ya limau, cha pili kiache hivyo hivyo. Rudi baada ya saa moja. Kile cha pili kitakuwa kimepata weusi, kwa kuwa oksijeni ya hewa imekishika, na kile cha limau kitakuwa karibu kama ulivyokikata. Uchachu wa limau umesaidia, na vitamini C yake imesaidia pia.

Lakini dawa hizi za jani si za bure. Jani huzitengeneza kwa sukari yake na kwa madini ya udongo, na hutengeneza kwa kadiri ya haja. Jani lililokulia kwenye jua ni nene, dogo kidogo, nalo lina akiba kubwa ya dawa. Jani lililokulia kivulini ni pana na jembamba, limejaa ukijani wa kunasa kila chembe ya mwanga, na akiba yake ni ndogo, kwa maana halikuwa na adui. Litoe ghafula kwenye jua la Machi, nalo litakuwa kama mtu aliyetolewa gizani akaambiwa atazame jua. Likipewa siku za kutosha litajenga akiba yake. Lisipopewa, litaungua kabla ya kuanza.

KITALU NDICHO CHANZO

Basi hasara ile ya miche 200 haikuanza Jumanne. Ilianza kitaluni, mahali ambapo paa la nyasi halikufunguliwa mpaka siku ya kuuza. Mwenye kitalu apenda miche mirefu ya majani mapana kwa sababu wanunuzi huipenda. Mimi ningekuwa mnunuzi ningechagua mche mfupi wenye majani magumu, hata kama rangi yake si ya kupendeza sana, na ningeuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: miche hii imekaa juani siku ngapi?

Ikiwa kitalu ni chako, anza kuizoeza miche kama wiki sita kabla ya siku unayotaraji kupanda. Juma la kwanza funua paa asubuhi mpaka saa tatu, kisha funika, na funua tena baada ya saa kumi. Baadaye ondoa nyasi za paa kidogo kidogo, safu moja hapa na safu moja pale, ili jua lipite kwa vipande kama linavyopita katika majani ya msitu. Siku ya kuondoa paa lote chagua siku ya mawingu. Usiende kwa kuhesabu majuma tu, maana mwaka mmoja una mawingu na mwingine hauna. Itazame miche yenyewe. Ikiwa imetoa jozi mbili za majani mapya katika mwanga wa kutosha, majani hayo yamezaliwa na dawa yao. Majani ya zamani hayabadiliki sana. Kazi ya shamba itafanywa na hayo mapya.

Baada ya kupanda, miche bado yahitaji msaada wa siku chache. Mizizi imeshtuka, maji hayapandi vizuri, na jani lisilopata maji hufunga vitundu vyake vya hewa. Hewa isipoingia jiko halina cha kupika, wala kuni hazikomi kuja. Ndiyo sababu mche mpya huungua kwa mwanga ambao mti wa miaka mitatu hauujali. Chomeka matawi au makuti ya migomba kuuzunguka kila mche, yakutane juu kidogo, na uyaache mpaka yakauke na kupukutika yenyewe. Yanapopukutika, mche nao huzoea. Ni kazi ya siku moja kwa jamaa nzima.

Neno hili lawahusu hasa ninyi mliohamia mashamba mapya ya chini, upande wa Mbeere na wa Tharaka, na jamaa zenu wamebaki juu Imenti au Runyenjes penye ukungu. Ni desturi njema kuletewa miche ya maembe, ya maparachichi au ya makadamia na ndugu aliye juu. Lakini mche uliotoka kwenye ukungu asubuhi ukapandwa Mbeere jioni umehama nchi mbili kwa siku moja. Uweke kwanza chini ya mti karibu na nyumba, umwagilie, na uusogeze kuelekea juani hatua kwa hatua kwa majuma mawili au matatu. Wanaopanda nyanya na pilipili hoho wafanye vivyo hivyo kwa siku saba hadi kumi. Na wakumbuke kwamba hata tunda huungua: nyanya iliyovuliwa majani na ugonjwa wa baka hupata doa jeupe upande unaotazama jua, na sokoni hakuna anayeitaka.

MTI WENYE NJAA HUUNGUA KWANZA

Sasa turudi kwenye madini. Mwaka 1989 wataalamu Horst Marschner na Ismail Cakmak walieleza majaribio yao juu ya maharagwe yaliyonyimwa zinki, au magnesi, au potasiamu. Yale yaliyokaa katika mwanga mkali yalipata umanjano na kufa sehemu za majani. Yale yaliyokaa katika mwanga hafifu, ingawa yalikuwa na njaa ile ile, yalibaki na ukijani wao zaidi. Sehemu ya jani iliyofunikwa ilikuwa salama kuliko sehemu iliyoachwa wazi ya jani hilo hilo. Maana yake ni kwamba umanjano tunaouita njaa ya udongo mara nyingi ni kuungua. Njaa huondoa kinga, na jua humaliza kazi.

Unaweza kulitazama jambo hili shambani mwako. Tafuta jani la haragwe linaloanza kupata manjano, ulibane kipande cha karatasi nzito juu ya nusu yake kwa kibanio cha nguo, na uliache kwa siku kadhaa. Ukiondoa karatasi ukakuta nusu iliyofunikwa ina ukijani kuliko nyingine, basi mwanga umo katika mambo hayo.

Kwa kahawa alama ni hizi. Ukosefu wa zinki huonekana katika majani machanga: huwa membamba na madogo, yamesongamana kwenye ncha ya tawi. Ukosefu wa magnesi huonekana katika majani ya zamani: nafasi kati ya mishipa hugeuka manjano, na mishipa yenyewe hubaki ya kijani. Ukosefu wa naitrojeni huupausha mti mzima. Zinki hutiwa kwa kunyunyiza majani, nayo haigharimu sana, lakini pima udongo kwanza kwa msaada wa ofisi ya kilimo, maana kununua mbolea kwa kubahatisha ni kutupa fedha. Naitrojeni ina faida ambayo wengi hawaijui: mti wa kahawa uliopata naitrojeni ya kutosha huzoea jua vizuri zaidi kuliko mti wenye njaa, kwa kuwa watendaji wote wale wa ndani ya jani hujengwa kwa naitrojeni. Kwa hiyo samadi na mbolea huulisha mti na kuukinga pia.

Mti uliobeba mno una hatari hiyo hiyo. Kahawa iliyo wazi juani hutoa maua mengi kuliko iliyo kivulini, na mkulima hufurahi. Kisha matunda yanapojaa huvuta chakula chote kutoka katika majani, majani yaliyofilisika hupauka na kuanguka, na tawi hukauka kuanzia ncha. Mwaka unaofuata hakuna kitu. Wakulima wengi hulaumu ukame, hata mwaka ambao mvua ilikuwa ya kutosha.

ASUBUHI YA BARIDI

Jua la adhuhuri si adui pekee. Katika mashamba ya kahawa yaliyo juu, karibu na mpaka wa chai, kuna shida ambayo wataalamu wa kahawa wa Kenya wameiita kwa miaka mingi ugonjwa wa joto na baridi. Hakuna kijidudu ndani yake. Usiku mbingu huwa wazi na baridi hushuka kutoka mlimani. Asubuhi jua huchomoza kwa ukali wake wote, na jani bado lina ubaridi wa usiku. Mwanga hauna habari za baridi, huingia vilevile. Lakini mpishi ana ganzi ya vidole. Jiko ni baridi, vimeng'enya vinajikokota, hata kazi ya kutengeneza vyombo vilivyoharibika jana imesimama. Cheche hutokea saa mbili asubuhi, wakati ambao mtu angedhani jua lingali la kuota tu. Majani machanga hupauka na kukunjamana, na ncha za matawi hudumaa.

Kwa mahali kama hapo tiba ni miti. Mti wa kivuli hufanya kazi mara mbili: usiku huzuia joto la udongo lisipotee lote mbinguni, na asubuhi huliachia jua kidogo kidogo. Mukima na muringa hufaa, nanyi mnaijua. Makadamia iliyopandwa mbalimbali yafaa pia na ina fedha yake. Sisemi kila shamba la kahawa lifunikwe. Kahawa nyingi ya Kenya hulimwa wazi na huzaa vizuri inapolishwa. Kivuli kikiwa kizito hupunguza maua, na unyevu wake huyapa magonjwa ya matunda makao. Kipimo changu ni hiki: simama katikati ya shamba saa sita ya mchana, utazame chini. Vipande vya jua viwe vingi kuliko vivuli. Vikiwa vichache, panda mtini ukapogoe, nawe umepata kuni. Asiye na miti kabisa asingoje mukima ikue. Atandaze nyasi kavu juu ya udongo, maana mizizi iliyo na maji hulipa jani nafasi ya kujitetea.

Wakati wa kukata miti ya kivuli, au wa kukata mashina ya kahawa ya zamani, usifanye shamba zima siku moja ya kiangazi. Majani yaliyobaki ndani yalikulia gizani, nayo ni kama miche ile ya kitalu. Fanya kazi hiyo kwa awamu, mvua zikikaribia.

RANGI NYEKUNDU

Mara nyingi naulizwa kwa nini majani machanga ya maembe hutoka mekundu, au kwa nini ncha za miraa zina wekundu, na kahawa ya SL34 ina ncha za rangi ya shaba. Si ugonjwa. Jani changa lina ngozi nyororo na jiko lake halijakamilika, basi mmea huvaa rangi iitwayo anthosiyanini, ambayo huzuia sehemu ya mwanga kama kitambaa dirishani, nayo yenyewe ni antioksidanti. Jani likikomaa rangi hutoweka. Wakulima wa chai wanayo aina ya TRFK 306, chai ya zambarau iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011. Rangi yake ni hiyo hiyo, ila katika chai hii imekuwa nyingi. Basi usikate ncha nyekundu ukidhani umepunguza ugonjwa.

MICHE ILIYOUNGUA TAYARI

Na yule aliyekuta mabaka siku ya Ijumaa afanye nini? Kwanza asing'oe. Kwaruza gome la shina kwa ukucha, chini kidogo ya majani. Ukiona ukijani ulio na maji, mche u hai. Usiyavue majani yaliyoungua nusu, kwa sababu nusu iliyobaki ingali inapika, na ile iliyokufa inakitia kivuli kichipukizi kilicho chini yake. Weka matawi ya kivuli siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi. Mwagilia jioni, tandaza nyasi lakini zisiguse shina, na usitie mbolea ya dukani mpaka uone jani jipya, kwa kuwa mizizi iliyoshtuka yaweza kuungua nayo. Jani lililopauka kabisa halitarudi kuwa kijani, basi usilitazame hilo. Tazama pale linapoungana na shina, ndipo kichipukizi kitakapotokea. Kikitokea, anza kuondoa matawi ya kivuli moja moja. Mche usioonyesha kichipukizi chochote mpaka mvua za Oktoba zikaribie, ung'oe na upande mwingine mahali pake, uliozoezwa.